Namna ya kupima nafasi ya gavana huru anayetetea kiti chake katika jimbo la Marekani

Gavana asiye na chama anapotangaza kwamba atatetea kiti chake, wafuatiliaji wengi wa siasa za Marekani hukimbilia kwanza kura za maoni zinazoonyesha ni wananchi wangapi wanaridhika na utendaji wake. Kwa gavana mwenye chama, hicho ni kipimo kizuri, lakini kwa gavana huru hakitoshi hata kidogo, kwa sababu mtu anaweza kumwambia mhoji kwamba anaridhika na gavana, kisha siku ya kupiga kura akamchagua mgombea wa chama chake mwenyewe. Kinachoamua hatima ya gavana huru ni idadi ya majina yatakayokuwa kwenye karatasi ya kura, na nani amesimama nyuma ya kila jina. Mwongozo huu ni kwa mwanafunzi, mwandishi wa habari au msomaji yeyote anayetaka kufuatilia kinyang'anyiro cha aina hii kwa makini. Mifano yake mingi inatoka Alaska na Maine, kwa kuwa ndiko jambo hili lilikojaribiwa kikweli.

Chunguza kwanza kama atafika kwenye karatasi ya kura

Hatua hii hupuuzwa, nami naiweka mbele ya nyingine zote. Tangu 1974, waliochaguliwa kuwa magavana wa majimbo ya Marekani bila tiketi ya Democratic wala Republican wanahesabika kwa vidole: James Longley wa Maine mwaka 1974, Walter Hickel wa Alaska na Lowell Weicker wa Connecticut mwaka 1990, Angus King wa Maine mwaka 1994, Jesse Ventura wa Minnesota mwaka 1998, Lincoln Chafee wa Rhode Island mwaka 2010, na Bill Walker wa Alaska mwaka 2014. Baadhi yao, kama Hickel, Weicker na Ventura, walipita kwa vyama vidogo, lakini mazingira yao yalikuwa yale yale ya kutawala bila chama kikubwa nyuma yao.

Kati ya hao saba, watano hawakugombea tena. Longley alikuwa ameahidi kuhudumu muhula mmoja tu, na akaitimiza ahadi hiyo. Hickel alirudi Republican mwaka 1994 na kuacha kiti. Weicker alianzisha kodi ya mapato Connecticut mwaka 1991, akabeba hasira iliyofuata, na hakugombea mwaka 1994. Ventura aliondoka baada ya muhula mmoja. Chafee alijiunga na Democratic mwezi Mei 2013, na miezi michache baadaye akatangaza kwamba hatagombea tena. Walker aligombea, lakini akasitisha kampeni yake kabla ya siku ya kupiga kura. Aliyebaki ni mmoja tu, Angus King, ambaye mwaka 1998 alirudishwa madarakani kwa karibu asilimia 59 ya kura.

Kwa hiyo, unapomsikia gavana huru akisema kwamba atagombea tena, usianze kukadiria asilimia zake. Angalia kama ana watu wanaokusanya fedha, kama ofisi za kampeni zimefunguliwa nje ya mji mkuu wa jimbo, na kama ameshamtaja mgombea mwenza wake. Kiongozi wa chama hukuta mambo haya yakimsubiri, lakini gavana huru huyajenga mwenyewe kila baada ya miaka minne. Chama cha magavana wa Republican na kile cha magavana wa Democratic huingiza fedha nyingi katika mashindano ya majimbo ili kuwalinda watu wao, ilhali gavana asiye na chama hana wa kumwendea, na hata gavana mwenzake wa jimbo jirani aliye rafiki yake huenda chama chake kikamkataza kumsaidia.

Rudi nyuma uone alishindaje mara ya kwanza

Ushindi wa kwanza wa gavana huru hupatikana kwa mojawapo ya njia mbili, na kila njia huacha deni la aina yake.

Njia ya kwanza ni ya ufa. Vyama viwili hugawana kura zao, na mgombea huru hupenya katikati. King alishinda mwaka 1994 kwa takriban asilimia 35, akiwatangulia Joseph Brennan wa Democratic, gavana wa zamani aliyepata karibu asilimia 34, na Susan Collins wa Republican aliyepata takriban asilimia 23. (King na Collins baadaye wote walikuja kuwa maseneta wa Marekani kutoka jimbo hilo hilo.) Ukitazama takwimu hizi peke yake utadhani alikuwa gavana dhaifu, kwani karibu theluthi mbili ya wapiga kura walimkataa. Lakini zile asilimia 35 zilikuwa zake mwenyewe. Hakuna aliyemwazima, na kwa hiyo hakukuwa na chama ambacho kingekuja kudai mali yake baada ya miaka minne.

Njia ya pili ni ya kuazima, na mfano wake ulio wazi ni Walker. Alikuwa Mrepublican aliyeshindwa na Sean Parnell, gavana wa wakati huo, katika kura ya mchujo ya mwaka 2010. Mwaka 2014 aliamua kugombea bila chama, na kwa muda ilielekea kwamba yeye na mgombea wa Democratic, Byron Mallott, wangegawana kura za wapinzani wa Parnell na kumwachia gavana huyo ushindi wa bure. Mwanzoni mwa Septemba, wiki chache tu baada ya mchujo, wakaunganisha nguvu: Walker abaki mgombea wa ugavana, Mallott awe mgombea mwenza, Walker aache kujiandikisha kama Mrepublican, na Democratic isiwe na mgombea wake wa ugavana kwenye karatasi. Mwezi Novemba walishinda kwa asilimia 48.1 dhidi ya 45.9 za Parnell.

Asilimia 48 ni nyingi kuliko 35, na hapo ndipo msomaji asiye makini hukosea. Sehemu kubwa ya kura zile zilikuwa za Democratic, zilizotolewa kwa sharti lisiloandikwa kwamba chama hicho hakitasimamisha mtu. Mkopo wa namna hii hudaiwa. Ukitaka kujua nguvu halisi ya gavana wa aina hii, jiulize angepata nini kama chama kilichomwazima kura kingeamua kumsimamisha mtu wake mwenyewe. Uliza swali hilo mapema, miaka miwili kabla ya uchaguzi, kwa kuwafuatilia wanasiasa wazito wa chama hicho: nani hajasema kwamba hatagombea, nani anazunguka vijijini, nani ameanza kutoa kauli za bajeti zinazotofautiana na za gavana.

Weka kalenda mkononi

Kila jimbo lina tarehe zake za kujisajili, za kukusanya saini, za mchujo na za kujiondoa. Zipate katika sheria ya uchaguzi ya jimbo lenyewe na uziandike zote mahali pamoja kabla hujafanya uchambuzi wowote, maana mashindano mengi ya gavana huru huamuliwa na tarehe hizo kuliko hotuba.

Alaska ya mwaka 2018 inaonyesha kwa nini. Mapema mwaka huo Mahakama ya Juu ya jimbo ilikubali kwamba Democratic inaweza kuwaruhusu watu wasio wanachama kugombea katika mchujo wake, na hivyo Walker alikuwa na mlango wa kuingia humo na kutoka akiwa na baraka za chama. Alifikiria, kisha akachagua kukusanya saini na kwenda moja kwa moja kwenye uchaguzi mkuu, njia ambayo kwa mgombea asiye na chama ilihitaji saini zinazolingana na asilimia 1 ya kura zilizopigwa katika uchaguzi mkuu uliotangulia. Tarehe 1 Juni, siku ya mwisho ya kujisajili kwa mchujo, Mark Begich, aliyewahi kuwa seneta wa Marekani na meya wa Anchorage, akajisajili kama mgombea wa Democratic. Ile kura ya mkopo ilikuwa imedaiwa. Tarehe 21 Agosti Republican ikamteua Mike Dunleavy, aliyekuwa seneta wa jimbo, na kinyang'anyiro kikawa cha watu watatu wenye majina makubwa.

Mtu anaweza kuuliza kama Walker angepita katika mchujo wa Democratic. Nadhani suala lenye uzito zaidi ni lingine: alipoikataa njia ile, alilinda heshima ya uhuru wake, lakini aliwaondolea viongozi wa Democratic sababu ya mwisho ya kumzuia Begich. Unapofuatilia gavana huru, kila mara anapolinda uhuru wake mkumbuke anayelipia gharama hiyo, kwa sababu mara nyingi ni yeye mwenyewe.

Tazama mfukoni mwa mpiga kura

Gavana wa chama anayefanya uamuzi mchungu hugawana lawama na wabunge wa chama chake. Gavana huru huibeba peke yake, kwani bunge la jimbo lina vyama viwili na vyote viwili vinaweza kumwelekezea kidole. Tafuta basi uamuzi mmoja wa fedha ambao kila kaya imeuhisi, uufuatilie kwa tarakimu.

Kwa Alaska uamuzi huo ni wa gawio. Tangu 1982 jimbo hilo hutoa kila mwaka gawio kutoka Mfuko wa Kudumu, uliojengwa kwa mapato ya mafuta, kwa karibu kila mkazi, mkubwa kwa mdogo. Walker aliingia madarakani mwezi Desemba 2014, bei ya mafuta ikiporomoka: kutoka zaidi ya dola 100 kwa pipa katikati ya mwaka 2014 hadi chini ya dola 30 mwanzoni mwa 2016. Jimbo lililotegemea mafuta kwa sehemu kubwa ya bajeti yake, lisilo na kodi ya mapato wala kodi ya mauzo ya jimbo zima, likajikuta na upungufu wa mabilioni ya dola. Bunge lilishindwa kukubaliana juu ya suluhisho. Mwezi Juni 2016 Walker akatumia kura ya turufu kupunguza fedha za gawio kwa takriban nusu, na kila mkazi akapata dola 1,022 badala ya kama dola 2,050.

Lipige hesabu suala hili kwa kaya moja, kama mpiga kura alivyolipiga. Baba, mama na watoto watatu walikuwa wakitarajia zaidi ya dola 10,000. Zikaingia dola 5,110. Katika kijiji cha magharibi mwa Alaska ambako mafuta ya kupasha nyumba joto huletwa kwa meli au ndege na bei yake ni kali, fedha hizo zilikuwa na kazi zilizokwisha kupangiwa kabla hazijafika: mafuta ya majira ya baridi, deni la dukani, viatu vya watoto. Na kwa kuwa gawio hulipwa mwezi Oktoba, kila Oktoba iliyofuata ilikumbusha kilichokosekana, ikiwemo Oktoba ya 2018, wiki chache kabla ya uchaguzi, ambapo kila mtu alipata dola 1,600 wakati Dunleavy akizunguka jimboni akiahidi gawio kamili na malipo ya yale yaliyokatwa.

Mimi naamini Walker alifanya jambo la lazima, kwani akiba za jimbo zilikuwa zikiyeyuka na hakuna mwingine aliyekuwa tayari kuweka jina lake kwenye uamuzi ule. Mwezi Agosti 2017 Mahakama ya Juu ya Alaska ilithibitisha kwamba alikuwa na mamlaka ya kuufanya. Hata hivyo, mchambuzi asichanganye uhalali wa uamuzi na uwezo wa mtu kuchaguliwa baada yake. Alikuwa pia amepanua bima ya afya ya Medicaid mwaka 2015 bila idhini ya bunge, jambo lililowasaidia maelfu ya watu wa kipato cha chini, lakini faida ya bima huonekana siku mtu anapougua, ilhali upungufu wa gawio ulionekana siku moja kwa jimbo zima.

Maine ya King ilikuwa upande wa pili. Uchumi wa Marekani ulikuwa ukikua, hazina ya jimbo ilikuwa na ziada, na mwezi Januari 1998 dhoruba ya barafu ilipokata umeme kwa zaidi ya nusu ya wakazi, watu walipata nafasi ya kumwona gavana akishughulika na janga lisilo na chama. Hakuwa na uamuzi mmoja mchungu ambao mpinzani angeweza kuutaja kwa tarakimu.

Mchunguze mgombea mwenza

Kwa gavana wa chama, mgombea mwenza ni pambo la tiketi, na mara chache humfanya ashinde au ashindwe. Kwa gavana huru aliyeshinda kwa muungano, mgombea mwenza ndiye fundo lenyewe la muungano. Likifunguka, kila kitu hufunguka.

Tarehe 16 Oktoba 2018, wiki tatu kabla ya uchaguzi, Mallott alijiuzulu unaibu gavana kwa sababu ya maneno yasiyofaa aliyomwambia mtu mwingine. Valerie Davidson akaapishwa kushika nafasi yake siku hiyo hiyo. Mallott alikuwa Mtlingit kutoka Yakutat, kiongozi aliyeheshimika kwa miongo mingi miongoni mwa wenyeji wa asili, na ndiye aliyekuwa daraja la Walker kwenda vijijini na kwa Wademocrat. Siku tatu baadaye, Ijumaa tarehe 19, Walker alipanda jukwaani Anchorage mbele ya mkutano wa mwaka wa Shirikisho la Wenyeji wa Asili wa Alaska, ambako alitarajiwa kushiriki mdahalo wa wagombea, akatangaza kwamba anasitisha kampeni yake. Alieleza kwamba hangeweza kushinda kinyang'anyiro cha watu watatu, na kwamba Begich alikuwa na nafasi nzuri zaidi kuliko yeye ya kushindana na Dunleavy. Ilikuwa siku 18 kabla ya uchaguzi, na wengi katika ukumbi ule walikuwa watu ambao miaka minne nyuma walikuwa wamempa kura kwa sababu ya mtu ambaye sasa hakuwa tena pembeni yake.

Unapofuatilia kinyang'anyiro cha aina hii, mfungulie mgombea mwenza daftari lake. Andika anawakilisha kundi gani, kundi hilo lilimpa gavana kura katika maeneo gani, na iwapo kuna mtu mwingine anayeweza kushika nafasi hiyo kundi likabaki.

Soma kanuni ya ushindi, kisha kura za maoni

Katika majimbo mengi gavana hushinda kwa kuwa na kura nyingi kuliko wenzake, hata kama hajafikisha nusu. Vermont ni tofauti, kwani asipopatikana aliyevuka nusu, bunge la jimbo ndilo humchagua gavana. Maine ilipitisha mwaka 2016 mfumo wa mpiga kura kuwapanga wagombea kwa vipaumbele, ambapo asipopatikana aliyevuka nusu, wa mwisho huondolewa na kura zake huhamia kwa chaguo linalofuata la kila mpiga kura, lakini hautumiki katika uchaguzi mkuu wa gavana kwa sababu ya maneno ya katiba ya jimbo. Alaska nayo iliupitisha mwaka 2020, na kuanzia 2022 ukatumika hata kwa ugavana. Wengi walitarajia kwamba mfumo huo ungemfufua Walker aliyegombea tena mwaka huo bila chama, kwa kuwa hofu ya kugawana kura ilikuwa imeondolewa. Dunleavy akavuka nusu katika hesabu ya kwanza, Les Gara wa Democratic akapata takriban asilimia 24 na Walker karibu 21. Vipaumbele vya pili havikuwahi kufunguliwa ili kuamua mshindi.

Baada ya kujua kanuni, ndipo uchukue kura za maoni, na utumie zile tu zilizotaja majina yote yatakayokuwa kwenye karatasi. Kura ya maoni inayomshindanisha gavana huru na mpinzani mmoja humpendeza sana gavana, lakini inapima uchaguzi ambao hautafanyika. Tazama mpangilio wa nafasi kuliko ukubwa wa asilimia: gavana huru akishika nafasi ya tatu hadi mwezi Septemba, wafuasi wake huanza kumhama kwa kuogopa kupoteza kura, na kumhama kwao kunamshusha zaidi. Usitegemee pia idadi ya wapiga kura waliojiandikisha bila chama. Alaska ina zaidi ya nusu ya namna hiyo, lakini wengi wao humchagua mtu wa chama kile kile kila mwaka.

Jambo la mwisho la kuandika kwenye kalenda yako ni tarehe ambayo jina haliwezi tena kuondolewa. Mwaka 2018 Walker alijitoa wakati muda huo umeshapita na karatasi zimeshachapishwa, hivyo jina lake likabaki na kupata takriban asilimia 2. Kabla hujasema kwamba aliyechelewa kujitoa alimharibia mwingine, jumlisha. Begich alipata takriban asilimia 44.4, na hata ukimpa kura zote za Walker hafiki 47, wakati Dunleavy alikuwa na 51.4.